Siku Nilipomchagulia Baba Buji

Mkwe wangu ana teksi, na teksi yake ina kikohozi. Juzi alipokuwa ananipeleka kwa daktari alisimama kwenye duka la vipuri kule Buyenzi, akaniomba nivumilie kidogo tu anunue buji. Watu wa pwani wanaziita plagi. Ni kile kidude cheupe chenye kitako cha chuma kinachotoa cheche ndani ya injini. Kikiwa kibovu gari haliendi hata likisukumwa na mtaa mzima. Muuzaji akamwaga kumi hivi juu ya meza, na mkwe wangu, kijana mwema lakini mwenye haraka, akaokota zile zilizong'aa kuliko zote. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na bakora yangu na ushungi wangu, bibi kizee anayengoja, na nikajisikia nasema, "Hizo fupi. Zitakohoa kuliko hizo ulizotoa."

Muuzaji alicheka. Kisha akachukua moja ya zile za zamani, akailaza kando ya mpya, akaacha kucheka. "Mama," akauliza, "hii kazi ulifundishwa na nani?"

"Na baba yangu," nikajibu. Hapo harufu ya petroli ikanijia kutoka kwenye kitambaa alichofutia mikono muuzaji. Nililia mle dukani mbele ya vijana wenye grisi mpaka viwikoni, na mkwe wangu akadhani ugonjwa umenizidi, akanikimbiza kwa daktari. Sijui hata aliondoka na buji zipi.

Nimengoja mama azikwe ndipo niandike haya. Tulimzika Rumonge mwaka jana, na miaka yote aliyoishi niliogopa kwamba nikiandika kuna mtu angemsomea. Sasa hayupo wa kumsomea. Ninyi wa rika langu, mliozaliwa bendera ya Wadachi, yaani Wajerumani, ikiwa bado inapepea bomani, mtanielewa bila maelezo mengi. Watoto wetu wanadhani nchi hii ilianza siku Wabelgiji walipofika.

Baba alikuwa mtu wa Ujiji, Mmanyema kwa asili, na chuma alijifunza kwa Wadachi waliokuwa wakijenga reli. Alikuja Rumonge kwa sababu ya mashua moja. Mwenye mashua alikuwa tajiri wa Kigiriki aliyekuwa akibeba mawese na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kupeleka Usumbura, na mashua yake haikuwa ya tanga wala ya kasia. Ilikuwa na injini ya petroli, ndogo, ya mitungi miwili, yaani silinda mbili, na watu waliiita Tukutuku kwa jinsi ilivyolia. Mgiriki alijua kuuza. Injini hakuijua, na kila ilipogoma alikuwa akiipiga teke halafu anamwita baba. Mama alikuwa Mrundi wa Kigwena, binti wa watu wa michikichi. Alisilimu akaolewa, wakapanga nyumba katika mtaa wa Waswahili, hatua chache kutoka majini.

Mama alikuwa na mdomo. Injini ile aliiita mke mwenza. Baba akirudi jioni na nguo zake za mafuta, mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni: "Umeshamuogesha muke mwenzangu? Umemulisha? Haya, sasa kuya na weye uoge, kama amekuachia nguvu." Baba alicheka akasema, "Yule hapigi kelele kama weye." Mama naye akajibu, "Yule? Rumonge muzima inamusikia!" Majirani walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka saba au minane, na nilijua kwa rafiki zangu maana ya kuwa na mke mwenza nyumbani: ni sufuria kufichwa, ni chumvi kumwagwa makusudi kwenye mboga. Niliamini kabisa kwamba mama anaionea wivu injini, na kwamba vita vyao havijaanza tu.

Wakati ule neno buji halijafika kwetu. Baba aliziita misumari ya moto. Injini ilikuwa na miwili, na ya akiba ilikuwepo kama sita, ndani ya kibuyu cha mawese. Msishangae. Kwetu kila chuma kilikaa ndani ya mawese, kwa sababu unyevu wa ziwa ulikuwa unakula chuma kama mchwa: ndoana, sindano, nyembe, hata kufuli ya sanduku la mama. Ukitaka sindano unaingiza vidole kwenye mafuta mekundu, unaitoa, unaifuta. Misumari ya moto nayo ikawekwa humo, ila hiyo kabla ya kutumika ilioshwa kwanza kwa petroli, maana cheche na mafuta ya kula havipatani.

Lakini si yote iliyokuwa mizuri. Safari moja Mgiriki aliagiza misumari, akaletewa ambayo siyo. Unene ulikuwa uleule, iliingia kwenye tundu lake na kukaza vizuri, ila ilikuwa mifupi. Baba alinieleza kwa nini haifai, na alinieleza mimi kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumweleza. "Ukisema ndani ya mutungi wa maji, nani atakusikia?" aliniuliza. Akajijibu mwenyewe, "Hakuna. Basi huyu mufupi anatoa cheche ndani ya tundu lake mwenyewe. Petroli haimusikii. Injini itashika mara mbili, itakohoa, itakufa." Ile mifupi ilitunzwa kwenye kopo kavu ndani ya mashua, kwa sababu Mgiriki hakukubali kutupa kitu.

Baba hakuwa na rula. Kipimo chake kilikuwa kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto. Msumari ulio sawa, nyuzi zake zilifika kwenye mkunjo wa kwanza wa kidole. Ule mfupi uliishia kwenye mzizi wa ukucha. Kila Ijumaa baada ya sala tulikaa uani, baba anatoa misumari kwenye kibuyu, mimi naifuta, napima, anakagua ufa kwenye ule weupe, kisha tunairudisha. Halafu alinifunga macho kwa kilemba chake, anachanganya mirefu na mifupi aliyoitoa mashuani, na mimi namwambia kwa kupapasa tu. "Hii?" "Ndiyo." "Na hii?" "Oya baba, siyo, hii inasemea mutungini." Sikukosea hata siku moja, na nalisema hilo bila haya. Jirani mmoja alimuuliza, "Fundi, mutoto wa kike na chuma, wapi na wapi?" Baba akamjibu kwamba chuma hakijui aliyekishika amevaa nini.

Nilipenda Ijumaa kuliko Idi. Naandika hivyo ili mjue nilikuwa na nini cha kupoteza.

Kisha vita vikaja, kwanza kwa maneno. Wadachi walikuwa upande wetu wa ziwa na Wabelgiji upande wa pili, na sisi watoto tulikwenda ufukweni kutazama kama ng'ambo kutaonekana moshi. Hatukuona kitu. Tulichoona ni watu kupungua. Wanaume wa milimani walipita wamefungwa kamba viunoni, wanakwenda kubeba mizigo ya jeshi. Baba yake Zaina, mvuvi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alichukuliwa asubuhi moja pamoja na mtumbwi wake akapige kasia vitani. Hakuaga. Wavu wake ulibaki umeanikwa siku nyingi, na mke wake hakuugusa. Mgiriki akaenda Usumbura kutafuta habari, akamwachia baba mashua, asirudi.

Tangu hapo nyumbani kulikuwa na hofu moja tu, na mama hakuificha. "Watakuchukua," alimwambia baba kila walipokaa kula.

"Wanataka mashua. Wachukue mashua."

"Mashua bila fundi ni gogo. Weye mwenyewe ulisema. Watakuchukua na yule muke wako, nitabaki na nani?"

Baba alikata tonge jingine. Mimi nilikuwa na hofu yangu nyingine, na hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nimeona kiboko. Nilikwenda na mama bomani kupeleka mawese, na pale uwanjani kulikuwa na mtu wa Muhuta amelazwa kifudifudi, askari wawili wamemshika, na wa tatu anampiga huku mwingine anahesabu. Kosa lake, walisema, ni kwamba kazi aliyopewa haikumalizika. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Sikuelewa hesabu, lakini nilielewa kwamba ilikuwa ndefu. Kuanzia siku ile nilijua jambo moja kuhusu Wadachi: fundi ambaye kazi yake haifanyi kazi analazwa chini. Kuchukuliwa, kwangu, kulikuwa ni safari tu. Watu husafiri na hurudi. Kiboko ndicho nilichokiota.

Habari zikaja kwamba kuna Mdachi anashuka na askari kutoka upande wa Muhuta, anakusanya vyombo vyote vya majini, na kesho yake atakuwa Rumonge. Usiku ule wazazi wangu walinong'ona sana. Alfajiri niliamka kwenda haja, nikamwona mama kwenye mihogo nyuma ya nyumba. Alikuwa amepiga magoti, anafukia kibuyu cha mawese. Kile kibuyu. Aliponiona alishtuka, kisha akaweka kidole mdomoni na kujilazimisha kucheka. "Nyamaza, mwana wanje," akasema. "Leo muke mwenzangu atalala njaa."

Ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Walikuwa wamepanga wote wawili: baba aweke ile misumari mifupi, injini ikohoe mbele ya Mdachi, aonekane fundi mbovu mwenye mashua mbovu, waachwe. Rumonge yote ingeelewa. Mimi peke yangu, binti wa fundi, niliyejua misumari ya moto kwa kupapasa, sikuelewa. Niliona wivu wa mama umefika mahali pabaya. Nikanyamaza, kwa sababu mtoto hasemi siri ya mama yake.

Walifika jua likiwa juu. Mdachi alikuwa na pua iliyobabuka na ndevu nyekundu, akakaa juu ya sanduku chini ya kivuli cha turubai. Pamoja naye alikuwepo shaushi, yaani sajini wa askari, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na askari saba au wanane. Mitumbwi ilikuwa imeshapangwa mstari. Watu wote wa mtaa walikuja ufukweni kwa sababu waliitwa, na mama alinishika mkono tukasimama na wanawake.

Baba aliingia ndani ya mashua, akazungusha ule mkono wa chuma. Injini ikashika, tuku, tuku, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Akazungusha tena. Tuku, tuku, tuku, kimya. Alizungusha mpaka shati likamganda mgongoni. Mimi nilikuwa nasikiliza tu, na kwa mlio ule wa kwanza nilijua ni ile mifupi, kwa kuwa kibuyu hakipo. Nilitaka kusema. Mama alinibana mkono.

"Juzi ilitembea," shaushi akasema. "Watu wote wanasema juzi ilitembea muzuri."

"Ilitembea, bwana," baba akajibu. "Lakini misumari ya moto imekufa. Hii iko mibovu."

Mdachi akauliza kwa Kiswahili chake cha kukata, "Mingine hapana?"

"Hapana, bwana. Iliyobaki ndiyo hii."

Mdachi akamtazama muda mrefu. Hakukasirika, na hilo nalikumbuka kuliko ndevu zake. Alitoa saa yake, akaifungua, akaifunga. "Hamsa ishirini," akasema. "Halafu jaribu tena."

Walimlaza baba yangu kwenye mchanga. Alivua shati mwenyewe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya ubao wa mashua. Mama aliniachia mkono ili ajifunike uso kwa kaniki yake. Kama asingeniachia! Nimeifikiria ile nafasi ndogo maisha yangu yote, mkono wa mama ukipanda usoni na wangu ukibaki mtupu. Lakini utamlaumuje mtu kwa kushindwa kutazama?

Nilikimbia. Nilifukua kwa kucha, udongo ulikuwa bado laini, nikavunja kibuyu kwenye jiwe kwa sababu kizibo kilinishinda. Misumari ilianguka kwenye majani pamoja na mawese. Nikapima mmoja mmoja na kidole changu, pale pale kwenye mihogo, huku nikisikia kwa mbali sauti ya shaushi ikihesabu. Nilipima! Haraka yote ile, na bado nilihakikisha kwamba siendi kumwaibisha baba. Nikachukua miwili iliyokuwa safi kuliko mingine, nikaifuta na gauni, nikarudi mbio.

Walikuwa wamefika tisa. "Bwana, ipo!" nilipiga kelele. "Misumari ipo! Musimupige, ipo!"

Mdachi aliinua mkono, kiboko kikasimama. Baba akainua uso, mchanga umemganda shavuni. Aliona nilichoshika. Sijui niuelezeje uso wake. Nilidhani ni maumivu.

"Hiyo siyo, mama," akasema. Baba zetu walikuwa wakituita mama walipotaka kutubembeleza.

"Ndiyo, baba!"

"Siyo. Rudi nyumbani."

"Baba, ni yenyewe, tazama!" Nikaweka msumari kando ya kidole changu, kama Ijumaa, nikamwonyesha mkunjo. Niliona kwamba mchanga umemwingia machoni, hawezi kuona vizuri, na ni juu yangu kumsaidia. Nikamgeukia Mdachi mwenyewe. Mtoto wa Rumonge, sina hata kiatu, nikamwambia mzungu mwenye bunduki, "Ile ya ndani iko mifupi, bwana. Inasemea mutungini. Hii ndiyo yake."

Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyenivuta sikio, hakuna aliyenipigia kelele nyamaza. Wangefanya nini? Kila mmoja alikuwa na wake kwenye ule mstari wa mitumbwi. Mdachi akaagiza ile ya ndani ya injini itolewe. Akashika mmoja mfupi mkono huu, mmoja mrefu mkono ule, akailinganisha. Hakuwa mjinga. Akamtazama baba, na shaushi akamtazama baba, na hata mimi nikahisi kwamba kuna kitu kimebadilika, ingawa sikujua ni nini.

"Nilisahau, bwana," baba akasema kwa haraka. Alikuwa ameshapiga magoti. "Nilisahau kama ile mingine ipo nyumbani. Kichwa changu kimechoka. Mutoto amenikumbusha. Mutoto hana kosa, mama yake hana kosa."

Vita vilikuwa vinahitaji fundi kuliko vilivyohitaji maiti, nadhani hilo ndilo lililomwokoa palepale. Mdachi alicheka kwa pua. Alinipapasa kichwani, akasema, "Fundi mzuri ni huyu," akanipa biskuti ngumu kutoka mfukoni mwake. Nikaila. Naona haya kuandika kwamba ilikuwa tamu. Kisha akamwambia shaushi, "Fundi na mashua, pamoja," na shaushi akaamuru askari wawili wapande wakae naye.

Baba aliiosha misumari kwa petroli taratibu, akaikaza. Mgongo wake ulikuwa na mistari tisa, na inzi wameshaanza kuja. Akazungusha mkono wa chuma mara moja tu. Injini ikawaka ikatulia. Hakuruhusiwa kuja nyumbani. Mama alikimbia nyumbani, akarudi akaingia majini na kanzu ya baba na kitambaa chenye viazi vya jana, akampa juu ya ubavu wa mashua, na walisemezana kidogo, sikusikia kwa sababu ya mlio. Kisha baba akaniita. Nikaingia majini mpaka mapajani. Aliinama, na alinuka petroli na damu.

"Umechagua vizuri," akaniambia. "Sikia? Umechagua vizuri sana."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa najua.

Hatukumwona tena. Mwaka mmoja tulisikia yuko Kigoma, mwaka mwingine tukasikia mashua ilipigwa ikazama, na mtu wa tatu akaapa kwamba alimwona Tabora anauza vikombe. Wadachi wakaondoka, Wabelgiji wakaja na neno lao buji. Baba yake Zaina alirudi, amekonda, vidole viwili vya mguu hana, akautengeneza wavu wake akaendelea kuvua. Kila asubuhi nilimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta. Nilimchukia mzee wa watu bure.

Mama hakunipiga, hakunitukana, wala hakuolewa tena. Nilipopata akili nikaelewa nilichofanya, niligombana na usingizi muda mrefu, lakini sikumuuliza. Ni usiku wa kuamkia ndoa yangu, ananipaka mafuta miguuni, ndipo aliposema bila mimi kumuuliza. "Kile kiboko," akasema, "alikuwa amekikubali. Tulihesabu pamoja usiku ule. Nilimwambia watakupiga, akasema kiboko kinapona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili ukibebe wapi? Ulikuwa mudogo." Akaendelea kunipaka. "Na sasa umekuwa mukubwa, umeshakibeba mwenyewe. Sikuweza kukuzuia."

Hayo ndiyo yote aliyowahi kusema, na mimi sikumwomba msamaha, kwa sababu niliona nikiomba atalazimika kunipa. Sasa wote wawili siwezi kuwaomba. Wajukuu wananiuliza kwa nini bibi anajua mambo ya magari, na mimi nawaambia ni akili tu za kuzaliwa.

Lakini siku yenyewe sikujua lolote kati ya hayo. Ufukwe ulikuwa wazi, Wadachi walikuwa wamefyeka vichaka vyote kwa ajili ya ndorobo, nzi wa malale, na mashua ilionekana mbali, ikielekea kusini na mitumbwi nyuma yake. Watu walirudi majumbani. Tulibaki mama na mimi. Alikuwa amekaa kwenye mchanga, miguu ameinyoosha mbele, kaniki imelowa mpaka kiunoni, na mimi nilikuwa nimesimama kando yake, makombo ya biskuti midomoni, nasikiliza kama baba alivyonifundisha, jicho moja nimelifumba. Mitungi miwili, mlio sawasawa, hakuna kikohozi. Nilifurahi kiasi kwamba nilishindwa kunyamaza.

"Mama, sikiliza," nikamwambia. "Haikosi hata mara moja."

Mama akanivuta akanipakata, akaficha uso wake shingoni mwangu. "Naisikia, mwana wanje," akasema. "Naisikia." Nami nikaanza kupiga makofi kufuata mlio, tuku, tuku, tuku, na nikaendelea kupiga hata mlio ulipokuwa umeshakwisha.